Windows 10 imekwisha muda wake: saiba na maduka madogo yahame au yakae?

Dadangu mdogo aliolewa bara, na sasa anaishi Ruiru, kaunti ya Kiambu, ambako ana saiba ya kompyuta sita. Wiki chache kabla ya Ramadhani hii alinipigia simu usiku. "Kaka, kuna fundi alikuja dukani. Asema kompyuta zangu zote zimekufa." Nikamuuliza zimekufaje na asubuhi alinitumia risiti aliyoipiga chapa papo hapo dukani. Akacheka kidogo, kisha akanieleza. Zimekufa kwa sababu ni za Windows 10. Fundi ametaka shilingi 1,500 kwa kila moja azitie Windows 11, jumla 9,000, na leseni haihitajiki. Shemeji yangu naye alikuwa amesikia kazini kwamba kompyuta hizo ni za kutupa, zinunuliwe nyingine zote. Mke na mume walikuwa hawasemezani vizuri kwa siku mbili.

Nilipanda treni hadi Syokimau, kisha matatu mpaka Ruiru. Mimi si mhandisi. Nina diploma ya teknolojia ya habari na niliwahi kuendesha saiba yangu Majengo, Mombasa, miaka kadhaa. Lakini swali la dadangu ndilo ninaloulizwa kila ninapokaa barazani baada ya Isha, na najua liko Kisauni, Malindi na Lamu vile vile. Kwa hivyo nimeona niliandike kama lilivyokuwa kule, hatua kwa hatua, anayetaka kuamua apate pa kuanzia.

Nini hasa kimekwisha

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, mfumo endeshi uliotoka tarehe 29 Julai 2015. Kuacha kuutunza hakumaanishi kuuzima. Kompyuta itawaka, Word itafunguka, printa itatoa karatasi. Kilichokoma ni masasisho ya usalama yaliyokuwa yakiletwa bure kila mwezi. Kila mwezi hugunduliwa matundu mapya ndani ya programu hizi, na kila mwezi yalikuwa yakizibwa. Sasa yatagunduliwa na kubaki wazi. Ni kama nyumba ambayo fundi wa kufuli alikuwa akija kila mwezi kukagua milango bila malipo, halafu akahama mji. Nyumba imesimama vile vile, ila wezi hawakuhama naye.

Si mara ya kwanza. Windows XP ilifikia hapo tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Safari hizo mbili wengi wetu tuliweza kusonga mbele na mashine zile zile, tukiongeza rami basi yakaisha. Safari hii kikwazo kimo ndani ya mashine yenyewe. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, inataka uwezo wa Secure Boot, rami ya GB 4, nafasi ya GB 64, na zaidi ya hayo inataka prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa Intel, kwa jumla, ni kuanzia kizazi cha nane. Kwa AMD ni Ryzen za 2000 kuendelea. Kompyuta zetu nyingi ni za mtumba, zile tunazoziita ex-UK, na nyingi ziko chini ya kizazi hicho. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeweza kuachwa nje kwa sababu hii.

Kwa hivyo fundi wa dadangu hakusema uongo mtupu, na shemeji pia hakukosea kabisa. Ila kila mmoja alikuwa ameshika kipande.

Daftari la Muscat

Kabla sijagusa kompyuta hata moja pale Ruiru, nilimuuliza dadangu swali moja: ukifika kesho asubuhi ukute zote sita zimeungua, umepoteza nini? Akasema, pesa za kompyuta. Nikamwambia hapana, fikiria tena. Nilikuwa na sababu yangu.

Mwaka 2016, katika saiba yangu, kompyuta ya kaunta ilikuwa bado ni ya Windows XP, miaka miwili baada ya mfumo huo kuachwa. Nilikuwa najua. Nilikuwa nikijiambia mashine inafanya kazi, kwa nini niisumbue. Mzee mmoja wa mtaani, mwalimu wa madrasa aliyestaafu, aliniletea madaftari matatu ya nasaba ya ukoo wao, nimpigie chapa. Kazi ilinichukua karibu miezi miwili, kwani mwandiko ulikuwa wa zamani na kila jina lilitaka kuulizwa. Asubuhi moja nikafungua kompyuta, faili zote zimebadilika majina, hakuna inayofunguka, na juu ya skrini pana barua inayodai malipo ya Bitcoin.

Mzee alikuja Alhamisi kuchukua kazi yake. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu, mimi nilikupa wewe. Sikuipa kompyuta." Nilimpigia chapa upya bila malipo, madaftari mawili. La tatu lilikuwa limeshachukuliwa na nduguye kwenda Muscat, na halikurudi.

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu watu hupenda kuifanya hadithi kama hii kuwa tangazo la kuuza kompyuta mpya. Kirusi kile kiliingia kwa kiambatisho cha barua pepe nilichokifungua mwenyewe. Siwezi kuapa kwamba mfumo mpya ungenikinga. Kitu ambacho kingeiokoa kazi ya mzee bila shaka yoyote ni nakala ya pili kwenye flashi ya shilingi mia tano, iliyowekwa kwenye droo.

Na ukitaka mfano mkubwa kuliko duka langu, kumbuka WannaCry, tarehe 12 Mei 2017, iliyofunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Wengi husema ilizipiga XP zilizochakaa. Uchunguzi ulionyesha kwamba karibu zote zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unatunzwa. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Wenyewe hawakuwa wamekiweka.

Hili linatuhusu sana. Katika saiba na maduka yetu masasisho huzimwa makusudi, kwa kuwa yanakula bando na kuichelewesha mashine mteja akiwa amesimama. Niliipata hivyo hivyo Ruiru: kompyuta nne kati ya sita hazikuwa zimesasishwa tangu zinunuliwe. Kwa mtu kama huyo, Oktoba 2025 haikubadilisha kitu. Aliachwa wazi tangu siku ya kwanza, kwa mkono wake mwenyewe. Akihamia Windows 11 na kuzima masasisho tena, atakuwa amelipia rangi mpya tu.

Majirani wa Ruiru walivyoamua

Ruiru si kijiji tena. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini humo, na tangu Thika Road ilipopanuliwa na kukamilika 2012, nyumba, viwanda na vyuo vimejaa hadi huko Tatu City. Wateja wa dadangu ni wanafunzi, madereva, vibarua wa ujenzi na akina mama wa biashara ndogo. Wanakuja kwa KRA, eCitizen, HELB, KUCCPS, na tangu Oktoba 2024, kwa SHA. Nilikaa naye siku tano, na katika kungoja masasisho yashuke nilipata nafasi ya kuzunguka.

Ghorofa ya kwanza, juu ya saiba, kuna mama mhasibu anayewasilisha ritani za biashara ndogo. Yeye alihama mwezi wa Julai 2025, kabla ya tarehe kufika. Nilipomuuliza kwa nini Julai, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini analala usiku. PAYE ni tarehe 9. VAT ni tarehe 20. Ritani za mwaka ni 30 Juni. Hakuna mhasibu atakayefungua kompyuta yake matumbo hadharani kabla ya tarehe hizo. Alingoja Juni ipite, akahama kati ya tarehe 21 na mwisho wa mwezi, na kompyuta ya zamani akaiacha pembeni mwezi mzima bila kuifuta, endapo kitu kitakosekana. Na kweli kilikosekana: programu yake ya zamani ya hesabu ilikataa kuwaka, ikabidi anunue toleo jipya. Gharama hiyo hakuitarajia. Windows 11 ni ya biti 64 peke yake, hivyo dereva za printa na skana za zamani zilizoandikwa kwa biti 32 hazikubaliki humo. Anayehama aorodheshe kwanza kila kifaa na kila programu inayomlisha, aulize moja moja.

Ng'ambo ya barabara kuna mzee wa duka la vifaa vya ujenzi. Kompyuta moja, Windows 7, ndimo ilimo hesabu ya mali na ankara zake zote. "Hii mashine haijawahi kunisumbua," aliniambia, na nilimwamini. Sikumsukuma kuhusu Windows. Nilimuuliza tu: sheria ya kodi inataka uweke kumbukumbu miaka mitano, zako ziko wapi mbali na hapo ndani? Akanyamaza. Kisha akamwita kijana wake kwa simu, wakazungumza Kikuyu kwa muda, na sauti ilikuwa ikipanda.

Wa tatu ni kijana wa studio ya picha. Kompyuta yake ya kusafishia picha ni Windows 10, na haijawahi kuunganishwa na intaneti. Picha zinaingia kwa kadi ya kamera yake mwenyewe, zinatoka kwa printa. Alitaka nimwambie la kufanya. Nilimwambia akae kama alivyo, asiwape wateja ruhusa ya kuchomeka flashi zao, na aweke nakala. Sikuona sababu ya kumtoa pesa mfukoni.

Watu watatu, majibu matatu, na hakuna aliyekosea isipokuwa mzee, tena kosa lake halikuwa Windows 7.

Kuzikagua sita

Sasa turudi kwa dadangu. Ukitaka kujua una mfumo gani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver. Kujua kama mashine inaweza kuhama, Microsoft wana programu ya bure iitwayo PC Health Check. Na kujua kizazi cha prosesa ya Intel, soma namba baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8500 ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi.

Tulipata hivi. Kwenye kaunta palikuwa na laptopu HP EliteBook 840 G3, kizazi cha sita, haihami. Dell OptiPlex 7010 mbili za zamani, kizazi cha tatu, hazihami. HP Compaq 8200 moja, kizazi cha pili, iliyokuwa ikitumika kupigia chapa tu, hiyo usiulize. Na HP ProDesk 600 G4 mbili, kizazi cha nane. Hizi mbili programu ilizikataa pia, na dadangu akakata tamaa. Nilipoingia kwenye BIOS nikakuta TPM imezimwa. Niliiwasha, nikajaribu tena, zikakubaliwa. Fundi alizihesabu zote sita pamoja kuwa zimekufa, na mbili kati yake zilikuwa zikihitaji dakika kumi na shilingi sifuri, kwani mwenye leseni halali ya Windows 10 huhamia Windows 11 bure.

Lakini lililonishtua lilikuwa jingine. Zile ProDesk mbili, mashine bora za duka, alikuwa ameziweka mbele, kwa wateja, zivutie. Ile laptopu ya zamani ndiyo ya kaunta, na ndani yake, katika folda iitwayo "wateja", kulikuwa na skani za miaka minne: vitambulisho, vyeti vya PIN, vyeti vya ndoa, matokeo ya mtihani, barua za hospitali. Na faili moja ya Excel yenye majina ya watu, barua pepe alizowafungulia, na nywila zao zote. Wenye saiba mnajua ninachosema. Mteja husahau nywila, hurudi kwako, na wewe umemwekea. Umefanya wema. Lakini faili ile ikitoka, anayeumia ni mama wa kuuza mboga ambaye hajui hata kwamba nywila yake iko hapo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamgusa mwenye saiba hata kama biashara ni ndogo kiasi cha kusamehewa kujiandikisha. Data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu ujue. Dadangu hakuwa amewahi kusikia. Tulikaa usiku mmoja mzima tukifuta. Kilichobaki ni kazi za mwezi huo, na daftari la nywila tukalifuta kabisa. Wateja sasa wanaandikiwa kwenye karatasi na kwenda nayo nyumbani.

Hesabu ya pesa

Shemeji alitaka kujua kuhusu kulipia muda wa ziada. Upo. Kwa kompyuta za watu binafsi majumbani, Microsoft wametoa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwao. Mlango wake uko kwenye ukurasa wa Windows Update. Kwa biashara bei ni nyingine: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, kisha inazidishwa maradufu kila mwaka, hadi miaka mitatu. Pigeni hesabu: 61, 122, 244, jumla dola 427. Kwa dola ya shilingi 129 hiyo ni kama shilingi 55,000 kwa mashine moja. Duka dogo halina haja ya kufika huko. Kwa pesa hizo utapata mashine ya mtumba inayohama na bado utabaki na za futari.

Ukiamua kununua mtumba, kuwa macho. Ulaya na Marekani wanazitoa kwa wingi mashine za kizazi cha sita na cha saba hivi sasa, kwa sababu hii hii tunayoizungumza, na nyingi zitapita bandari yetu ya Kilindini kuja kwetu kwa bei ya kutamanisha. Muuzaji atakuonyesha ikiwa imeshatiwa Windows 11, inang'aa. Inawezekana kuitia kwa kuruka vizuizi, lakini Microsoft hawatoi ahadi kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupata masasisho. Soma namba ya prosesa. Hata jina la modeli halitoshi: EliteBook 840 G5 zipo za kizazi cha saba na zipo za kizazi cha nane, boma ni moja.

Na ile Windows ya fundi ya shilingi 1,500 isiyotaka leseni? Nilimweleza dadangu mambo mawili. La kwanza ni la usalama: ile programu ndogo ya kuvunjia leseni huomba uzime kinga ya virusi kwanza ndipo ifanye kazi. Mtu anayekuomba uzime taa ili akutengenezee mlango, mwangalie mikono. La pili ni la dini, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait, Desemba 1988, ilikata kauli kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa na haifai kuivamia. Wanavyuoni wamejadili hali ya mwenye dhiki. Mimi si mufti na siingii huko. Ila mtu mwenye njia ya bure na ya halali mbele yake sijui atajitetea kwa dhiki gani.

Njia hiyo ya bure ni Linux. Najua wengi mtaruka aya hii. Linux Mint 22 itatunzwa hadi 2029, haihitaji TPM, na kwenye OptiPlex ya kizazi cha tatu inakwenda vizuri, hasa ukiweka diski ya SSD. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. eCitizen, SHA, HELB na KUCCPS zote ni kivinjari tu, na ritani ya sifuri ya KRA vile vile. Panapouma ni zile fomu za KRA za Excel zenye makro. Hizo zijazieni kwenye Excel halisi, kwenye Windows. Na mwenye programu ya eTIMS kwenye kompyuta asiifute mashine kabla ya kuwauliza KRA namna ya kuihamisha, maana imesajiliwa kwa kifaa. Wala tusifikiri programu huria ni mambo ya wazungu peke yao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Hatukuifuata tu.

Walivyoamua

Mwisho wake hawakununua kompyuta hata moja. Tulibadilisha viti. ProDesk moja ikaja kaunta, yenye Windows 11, masasisho yamewashwa na yamepangiwa saa ya alfajiri wakati bando ya usiku ni rahisi. Ya pili ikabaki kwa wateja, nayo ina Windows 11 na Word. OptiPlex mbili zikatiwa Linux Mint. Compaq ya kupigia chapa ikachomolewa kebo ya intaneti, ikabaki na printa yake kama mume na mke. Laptopu ya kaunta ilifutwa, ikaenda nyumbani kwa watoto, ikaandikishwa ule mwaka wa nyongeza. Shemeji amebandika karatasi juu yake: 13 Oktoba 2026. Zile elfu tisa za fundi zilinunua diski ya nje ya nakala, na chenji ikarudi kwa mwenye duka. Diski hiyo hailali saibani. Huenda nayo nyumbani ndani ya mkoba.

Mvutano uliobaki ni wa zile mbili za Mint. Siku niliyoondoka, mwanafunzi aliketi kwenye mojawapo, akatafuta Word, akaona LibreOffice, akasimama na kuvuka barabara kwenda saiba nyingine. Dadangu hakusema kitu. Alinitazama tu. Sasa ana daftari pale kaunta, anaandika kila mteja anayeondoka kwa sababu hiyo, na kila anayekaa. Juzi alipopiga simu kunitakia futari njema, walioondoka walikuwa saba, waliokaa thelathini na moja. Asema atangoja mpaka baada ya Idd ndipo aamue kama hao saba wanatosha kumnunulia mashine ya tatu ya Windows 11.